Cheti cha Bi. Orlin Brekhus

Vang, North Dakota
9 Oktoba 1957

Kwa Mwalimu wa Kiingereza,
Shule ya Posta ya Kaskazini, Minneapolis

Mwalimu,

Naomba radhi kwa ile alama ya mduara kwenye ukurasa wa pili. Si uzembe, ni kikombe cha Joren. Ana miaka minne, na akiona karatasi nyeupe haoni sababu ya kuiacha hivyo.

Somo la tatu limerudi na wino wako mwekundu. Mengine nimeyaelewa na nimeyakubali, lakini hili la nukta pacha limenishinda. Niliandika, "Nilinunua: unga, chumvi na mafuta ya taa," ukaikata. Niliandika, "Mume wangu ana siri moja, hapendi supu ya mama yake," ukafuta mkato na kuandika pembeni kwamba hapo panataka nukta pacha. Nilipoiweka umeitoa, nilipoiacha umeitia. Nimebaki kama kuku aliyenyeshewa. Kitabu mlichonitumia kina mistari miwili tu juu ya jambo hili, na mmoja umekatwa na ukingo wa karatasi. Tafadhali nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye sufuria jikoni.

Ni vizuri ujue unayemfundisha. Niliacha sekondari mama yangu alipougua. Akafa, nikaolewa, na sasa nina Joren, Signe na kitoto kichanga, Beret. Shule yetu ya hapa njia panda haina mwalimu wa kudumu. Kila Septemba huja msichana, na theluji ikianguka hurudi kwao. Nataka kuwa mwalimu ambaye hana kwao pengine pa kurudi. Chuo cha ualimu hakinipokei bila cheti cha sekondari, na sekondari ya kwenda kwa miguu nimeshaipita, ndiyo maana nimekuja kwenu kwa posta. Sitaki wanangu wajifunze kusoma kwenye magunia ya chakula cha kuku.

Sina haraka, lakini sitaacha.

Wako,
Bi. Orlin Brekhus


Minneapolis
18 Oktoba 1957

Bi. Brekhus,

Vikombe havipunguzi maksi.

Sikiliza sasa. Sentensi iliyo mbele ya nukta pacha lazima iwe imekamilika. "Nilinunua" haijakamilika: umemwacha msomaji mguu mmoja hewani. Lakini "Mume wangu ana siri moja" imesimama yenyewe, na tena inanyoosha mkono. Inayofuata, "hapendi supu ya mama yake," nayo imesimama yenyewe, na inatia kitu kwenye mkono ule. Katikati yao ndipo mahali pa nukta pacha. Mkato ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Ukiwa na sentensi mbili nzima na ya pili haifafanui ya kwanza, weka nukta na uziache zipumzike.

Niletee sentensi kumi za namna hiyo. Zitoe nyumbani kwako, usizitoe kitabuni. Sentensi za kitabuni nimeshazisoma.

Mwl. C. Haskett

Natumaini mama mkwe wako hafungui barua zako.


Vang
6 Novemba 1957

Mwalimu Haskett,

Mama mkwe anafungua kila kitu, lakini hasomi isipokuwa Kinorwe, kwa hiyo ile siri ya supu iko salama. Jana alinikuta mezani na kalamu, unga umenijaa mikononi, akasema mwanamke ana vidole kumi na vyote ni vya unga, wino utakaa wapi? Nikamwambia utakaa pale pale, mama, ndiyo maana mkate wangu una rangi. Hakucheka, lakini aliondoka na Signe, na hiyo ndiyo namna yake ya kucheka.

Maelezo yako niliyasoma kwa sauti wakati wa chakula cha mchana. Mume wangu, Orlin, ambaye nasaini kwa jina lake kama wake wote wa hapa, alikuwa anashona hatamu, nikadhani hasikilizi. Kumbe. Akasema bila kuinua uso, "Hizo ni trela mbili. Kila moja iwe na magurudumu yake, ndipo utie pini. Ukifunga trela na gunia, utaburuta gunia." Kisha akaona haya kwa kuwa amesema mengi, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe aliokuwa ametoka kuwaangalia.

Sentensi kumi ziko kwenye karatasi ya pili. Ninayoiamini zaidi ni ile ya mkate: "Najua kwa nini mkate haukuumuka: Signe aliuchukulia blanketi lake." Nisiyoiamini ni ya ng'ombe wa jirani: "Ng'ombe wa Hofstad alivunja ua: nilimfukuza kwa ufagio." Kuna kitu kinanikwaruza pale, sijui ni nini. Ile ya mwisho niliandika Beret akiwa begani, naomba uihurumie.

Bi. Orlin Brekhus


Minneapolis
20 Novemba 1957

Bi. Brekhus,

Sikio lako ni zuri. Ya ng'ombe ina kasoro: kufukuza hakufafanui kuvunja ua, kunafuata tu. Weka nukta. Ya mkate ni sahihi. Ya baba mkwe wako na redio ni sahihi, tena nimeisoma mara mbili bila kulazimika.

Mwambie Bw. Brekhus kwamba mfano wa trela hauna kosa. Wiki hii nimempa mwanafunzi mmoja wa Wisconsin aliyekuwa amenichosha, naye akaelewa.

Sentensi yako ya kumi ni hii: "Nimechoka sana:" na baada ya hapo kuna mstari wa wino unaoteremka hadi chini ya ukurasa. Nadhani ulilala. Usingizi si kosa, lakini nukta pacha ni ahadi. Malizia.

Mwl. C. Haskett


Minneapolis
28 Februari 1958

Bi. Brekhus,

Hatujapokea somo lolote kutoka kwako tangu kabla ya Krismasi. Kwa kanuni za shule, mwanafunzi anayenyamaza kwa msimu mzima anafutwa. Kanuni hiyo sikuitunga mimi.

Nijulishe hali.

Mwl. C. Haskett


Vang
11 Machi 1958

Mwalimu Haskett,

Ulitaka nimalizie sentensi ya kumi. Hii hapa.

Nimechoka sana: Beret aliugua mapafu tangu Krismasi, na ilibidi abebwe wima ili apate pumzi.

Barabara ilikuwa imefungwa. Daktari alifika akifuata nyuma ya trekta la kusukuma theluji, akasema abebwe hivyo hivyo na asilazwe, akaondoka kabla njia haijajifunga tena. Tukapokezana, mimi, Orlin na mama mkwe. Yule bibi ana mikono kama ya fundi chuma, sitamsema tena kwa wiki nzima. Sasa Beret amepona. Juzi alimpiga Signe kwa kijiko cha mbao, tukafurahi wote isipokuwa Signe.

Somo la saba, la nane na la tisa yamo humu. Niliyafanya nimesimama, kitabu kimeegemea pipa la unga, mtoto mkono wa kushoto. Ndiyo maana mwandiko umelala upande. Nina swali moja: katika somo la nane kitabu kinasema sentensi ya baada ya nukta pacha ianze kwa herufi kubwa, katika la tisa kinasema ndogo. Nifuate kipi?

Usinifute.

Bi. Orlin Brekhus


Minneapolis
19 Machi 1958

Bi. Brekhus,

Hukufutwa. Sentensi ya kumi ni sahihi.

Kuhusu herufi, vitabu vimegombana tangu nikiwa msichana na sioni dalili ya kupatana. Chagua njia moja na uishike mpaka mwisho wa ukurasa. Wanaopoteza maksi ni wanaobadilikabadilika.

Mwandiko uliolala unasomeka. Nimewahi kusahihisha watu walioketi kwenye viti vizuri na hausomeki.

Mtihani wa mwisho ni mwezi wa Mei. Utafute mtu anayeheshimika akusimamie: mchungaji atafaa. Utaandika insha, na humo nitataka kuona sentensi nzima zikiunganishwa kama inavyopasa. Mbusu mtoto. Hilo si sehemu ya somo.

Mwl. C. Haskett


Minneapolis
10 Juni 1958

Bi. Brekhus,

Umefaulu masomo yote. Insha yako, "Kazi Isiyoonekana," ilisomwa na walimu wengine wawili kama kanuni inavyotaka. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hasifu hata hali ya hewa, aliuliza nani alikufundisha nukta pacha. Nilimjibu nusu ni mimi, nusu ni bwana mmoja mwenye trela.

Cheti kitatumwa na ofisi ya msajili. Majina ya waliofaulu tumeyapeleka kwenye magazeti ya wilaya zao, kama desturi.

Nimefundisha muda mrefu, Bi. Brekhus. Nimefurahi.

Mwl. C. Haskett


Vang
24 Juni 1958

Mwalimu Haskett,

Asante. Barua yako nimeisoma mpaka Joren ameshika baadhi ya maneno. Anazunguka uani akisema, "Hasifu hata hali ya hewa."

Sasa naomba unisikilize.

Cheti kimefika. Karatasi ni nzito, mhuri wa dhahabu, maandishi ya kupinda. Kinasema Orlin Brekhus amemaliza masomo ya sekondari kwa sifa. Gazeti la wilaya nalo limesema Orlin Brekhus wa Vang. Orlin mwenyewe alikuwa hajaliona. Alikwenda ghala la nafaka kuuza shayiri, wazee wa pale wakasimama wote, wakavua kofia. Mmoja akamkaribisha, "Pita, profesa, leo utupimie ngano kwa Kilatini." Mwingine akamwuliza kama ng'ombe wake sasa wanakamuliwa kwa aljebra. Kisha wakaacha utani, wakampa mkono mmoja mmoja, kwa sababu kwetu hapa hakuna aliyesoma hadi huko isipokuwa mchungaji. Orlin akasema asanteni. Akapakia magunia yake matupu akarudi nyumbani.

Hayajaishia hapo. Selmer Hofstad, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuja jioni ile na pai ya mkewe. Anataka Orlin aingie kwenye kamati, maana sasa tuna mtu aliyesoma. Alikaa kwenye kiti changu, akala pai na kahawa yangu, akaniambia mimi, "Lazima unajivunia sana." Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo.

Naomba cheti kiandikwe upya kwa jina la mwenye kazi. Chuo cha ualimu kinataka kukiona kabla ya Septemba, na chuo hakitamfundisha Orlin. Jina langu ni Alvina.

Alvina Brekhus


Minneapolis
1 Julai 1958

Bi. Orlin Brekhus,

Nasikitika kwa usumbufu. Karani aliacha "Bi." alipokuwa akipiga chapa, na gazeti likafuata karani. Nimeagiza irudishwe. Cheti kipya kitasomeka "Bi. Orlin Brekhus," kama ulivyojiandikisha na kama ulivyosaini barua zako zote hadi ya mwisho.

Hiyo ndiyo njia sahihi. Mwanamke aliyeolewa huandikwa kwa jina la mumewe katika jambo lolote rasmi. Mimi sikuolewa, kwa hiyo naandikwa kwa langu. Kanuni ni hiyo, na chuo kitaielewa.

Mwl. C. Haskett


Vang
8 Julai 1958

Mwalimu Haskett,

Unanijua kwamba nikisahihishwa huwa nasahihika. Safari hii hapana. Sitaki "Bi." irudishwe. Nataka Orlin atoke.

Si kwa sababu simpendi. Nampenda, tena hata akinuka mafuta ya trekta. Nilisaini jina lake kwa sababu kila mwanamke hapa husaini hivyo, kwenye orodha za kanisani, kwenye jamu tunazopeleka maonyesho, na sikuwahi kujiuliza. Kwenye kaburi la mama yangu jiwe linasema "Mke wa Halvor." Nilipokuwa mdogo, nikiliona kwenye orodha za kanisani, nilidhani hilo ndilo jina alilobatizwa. Baba aliporudi kutoka dukani nilikuwa nasikia anaitwa Halvor, na mama namwona anaitwa Mke wa Halvor, basi nikaona ni sawa, wamegawana.

Cheti hiki kitakaa ukutani. Watoto wangu wataanza kusoma kwa kile kilicho karibu na macho yao. Wakimwuliza baba yao alisoma lini, atawajibu nini? Wakiniuliza mimi nilifanya nini mwaka ule, niwaonyeshe kidole kwenye "Bi."?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila upande lazima usimame wenyewe ndipo viunganishwe. Niliamini ulikuwa unasema kweli.

Alvina Brekhus


Minneapolis
15 Julai 1958

Bi. Brekhus,

Nilipeleka barua yako kwa msajili. Nilikaa ofisini kwake mpaka akakosa karatasi za kujifanya anazisoma.

Jibu lake ni hili. Jina kwenye cheti linaweza kubadilishwa kwa barua ya mkono wa mwanafunzi mwenyewe aliyesajiliwa. Aliyesajiliwa, kwa kumbukumbu zake, ni Orlin Brekhus. Nilimwambia kwamba kwa hesabu hiyo, mtu ambaye hakusoma ndiye pekee anayeweza kusema hakusoma. Alisema nimeelewa vizuri. Hakucheka.

Mwombe Bw. Brekhus aandike mistari michache. Nitaipeleka mwenyewe.

Mwl. C. Haskett


Vang
19 Julai 1958

Mwalimu Haskett,

Asante kwa kumkalia yule bwana. Lakini hilo siwezi kulifanya, na nitakuambia sababu, kisha naomba isitoke hapo ulipo.

Orlin alitolewa shule darasa la tano, baba yake alipovunjika nyonga. Anasoma bei za nafaka na anaweka sahihi, na sahihi yenyewe huiandika akiwa amewageuzia watu mgongo. Kadi za Krismasi naandika mimi. Ni mtu ambaye akiangalia injini anajua inaumwa wapi kabla haijawashwa, lakini mpe kalamu mbele ya mgeni, utaona shingo yake inavyokuwa nyekundu. Sitamwomba atume herufi zake kwa watu wa mjini wakazipitishe meza hadi meza.

Yale ya ghalani tuliyazungumza mara moja tu. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Walikuwa wamevua kofia, Alvina. Ningewaambia wazivae?" Huku kwetu mtu akikupa sifa isiyo yako, kuikataa mbele za watu ni kumwita mwongo. Basi anaibeba kama gunia lenye panya. Mwisho wa mwezi ni mkutano wa shule, watampigia kura, na hapo halitamtoka tena.

Kwa hiyo narudisha cheti ndani ya bahasha hii. Cha Orlin sikitaki na cha Bi. Orlin sikitaki, na changu sitakipata kwa kumwaibisha yeye. Septemba chuo kitafungua, nami nitakuwa hapa. Sijutii masomo. Nimesoma na najua nimesoma.

Alvina Brekhus


Vang
22 julai

kwa mwalimu Haskett

mimi ni Orlin Brekhus mwenye trela

mke wangu hajui naandika nimechukua kamusi yake na niko kwenye banda la mashine kwa hiyo kukiwa na mafuta kwenye karatasi ni mimi

cheti kilikuwa nyuma ya saa na sasa hakipo nikamwuliza akasema amekirudisha nikamwuliza kwa nini akasema jina si lake akaendelea kukanda unga hakusema zaidi. Alvina akiacha kusema zaidi najua kuna zaidi

sijui kama barua ya mtu kama mimi ina kazi yoyote huko kwenu labda haina. lakini sitaki mseme hapakuwa na mtu wa kusema. niliona mimi mwenyewe mtoto akikoroma kifuani mwake na yeye anaandika juu ya pipa na theluji imefika dirishani na nikamwambia acha hata kesho akasema kesho nayo ina kazi zake

nasema hivi: mimi sikusoma aliyesoma ni Alvina

watu wamenipa mkono kwa jambo hili na mkono huo sikulala nao vizuri. tafadhali andikeni jina lake lote Alvina Brekhus na kama kuna mahali pa kuandika kwamba alikuwa na watoto watatu pia andikeni

Orlin Brekhus


Minneapolis
26 Julai 1958

Bwana Brekhus,

Barua yako ina kazi. Imeshaifanya.

Hukujua, lakini ni barua hiyo na hiyo tu ambayo msajili alikuwa akiitaka, na mke wako alikataa kukuomba. Nimeiweka mezani kwake bila kuitia tone la wino mwekundu. Aliisoma akiwa ameketi, kisha akaisoma akiwa amesimama. Cheti kiliandikwa mchana uleule na kitasafiri siku moja na barua hii, katika bahasha ya mke wako.

Mahali pa kuandika watoto hapakuwepo. Niliuliza.

Nukta pacha yako iko mahali pake.

Cordelia Haskett


Vang
6 Agosti 1958

Mwalimu Haskett,

Bahasha ilikuwa imeandikwa "Bi. Alvina Brekhus" kwa mwandiko wako, na mleta posta alimwuliza mama mkwe kama kuna mtu mpya amehamia. Mama mkwe akamjibu hapana, ni yule yule, ila sasa amekamilika. Sijui kama alijua alichosema. Kinorwe kina njia zake.

Cheti ni changu. Niliosha mikono kabla ya kukigusa, nikaikausha, nikaiosha tena.

Hukuniambia ilikuwaje na sikuulizi. Ila kamusi yangu imerudi kwenye rafu kichwa chini, na ina alama ya dole gumba la mafuta kwenye neno "jina." Nimeiacha ilivyo. Orlin hajasema kitu, nami sijasema kitu, lakini siku ile nilimpikia nyama siku isiyo ya nyama, akala huku masikio yamemwiva.

Nikuambie ya mkutano. Ulifanyika kwenye jengo la shule, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, mimi nyuma na Beret mapajani. Selmer Hofstad akasema wamefika jambo la kamati, na kwamba wote wanamjua msomi wao, basi Orlin apite mbele. Watu wakapiga makofi. Orlin akasimama, lakini hakupita. Alikuwa anaizungusha kofia kama usukani. Nilijua ana maneno kwa sababu shingo ilikuwa nyekundu, nikamwomba Mungu Orlin ayameze, maana nilimwonea huruma.

Akasema, "Selmer, mmenipa mkono kwa kazi ya mtu mwingine, nami nikaupokea. Aliyesoma ni Alvina. Yuko pale nyuma na mtoto. Mimi nilishika mtoto alipokuwa anaandika, na hata hilo si kila siku."

Vichwa vikageuka nyuma. Kisha mzee mmoja wa kule ghalani, yule wa Kilatini, akauliza, "Sasa wewe, Orlin, umefaulu nini?"

"Kuoa," Orlin akasema, akakaa.

Sijawahi kusikia chumba kile kikicheka namna ile. Selmer alikuwa amekwama, kwa sababu kamati yao haijawahi kuwa na mwanamke, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema ndiyo wala hapana. Nikamwokoa. Nilisimama na mtoto wangu nikasema kamati waiweke pale pale ilipo, mimi siitaki. Ninachotaka ni shule. Naanza chuo Septemba, na nikirudi nitaomba darasa hili kwa jina langu, na siku hiyo nitataka jiko la kupasha joto darasa liwe limewashwa kabla ya watoto kufika, si baada. Selmer akasema hilo la jiko linazungumzika. Nikasema halizungumziki. Akaliandika.

Chuo kimeshanijibu: nimepokelewa. Nitapanga mjini siku za wiki na kurudi Ijumaa. Mama mkwe atakaa na watoto. Anasema hafanyi kwa ajili yangu, ni kwamba lazima mtu awafundishe hawa Kinorwe kabla sijawaharibu. Moyo wangu unauma kumwacha Beret, nitasema ukweli. Unauma na nitakwenda.

Kuna jambo moja tu limebaki, na hili nakuandikia nikiwa nacheka peke yangu, watoto wamelala mchana.

Orlin alitengeneza fremu ya mbao za mwaloni akakitundika cheti jikoni, juu ya meza, mahali ambapo ukiingia huwezi kukikwepa. Sasa unajua watu wetu. Mtu wa hapa afadhali atembee bila suruali kuliko kujisifu. Orlin hajamwambia mtu yeyote neno moja juu ya cheti. Lakini wiki iliyopita tulipata ndama mwenye doa jeupe usoni, ndama wa kawaida kabisa, na tangu hapo Orlin anawaita watu waje kumwona. Amekuja Hofstad, wamekuja wale wa ghalani, amekuja mtu wa kuuza mbegu. Banda la ng'ombe liko upande wa pili wa uwanja na lina mlango wake mpana. Yeye anawapitisha wote jikoni kwangu. Anawapitisha polepole, anasimama chini ya fremu, anajifanya anatafuta kofia, mpaka mgeni ainue macho asome. Hasemi kitu. Mgeni akishasoma, kofia inaonekana.

Leo amemleta mchungaji kumwona ndama. Ndama mwenyewe tulimuuza Jumatatu.

Alvina Brekhus